Nchi Jirani – Uganda: Chupa ya Kijani na Panya wa Maabara

Mwaka 2006 shangazi yangu alivuka mpaka wa Mutukula akiwa amelazwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya binti yake. Saratani ya titi ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye nyonga na mfupa wa paja. Katika hospitali ya mji wetu, ambayo sitaitaja, alikuwa akipewa vidonge vile vile ambavyo mwanafunzi hupewa akiumwa kichwa, na daktari mmoja mwenye huruma alikuwa amekwisha kutuambia kwamba hana kingine cha kumpa. Hakuwa akienda Kampala kutafuta kupona. Binti yake aliolewa huko, nasi sote tulijua anakwenda kumalizia siku zake.

Akilala bila kujigeuza, maumivu yalivumilika. Gari likiingia shimoni, alilia. Alipoulizwa anasikiaje, hakusema anachomwa wala anakatwa; alisema kuna kitu kinamtafuna ndani ya mfupa. Nakuomba, ndugu msomaji, ulikumbuke neno hilo, kwani tutalirudia.

Siku ya tatu baada ya kufika, muuguzi alikuja nyumbani. Alikuwa Mnyankole, na Kinyankole chake na Kihaya cha shangazi vilisikilizana bila mkalimani. Alimkagua, akamuuliza maswali mengi, kisha akaandika dawa yeye mwenyewe na kumkabidhi binti chupa ya plastiki yenye maji ya kijani. Ilikuwa mofini. Mjomba, mtu wa kufuata taratibu, akamuuliza daktari yuko wapi. Muuguzi akajibu kwamba sheria ya Uganda inamruhusu yeye.

Katika safu hii tumezoea kuzitazama nchi jirani kwa mipaka yake, marais wake na vita vyake. Leo nataka tuitazame Uganda kupitia chupa ile. Ili tuielewe, hatuna budi kuanza mbali kidogo, katika maabara za Ulaya na Marekani, mahali ambapo wanadamu walijaribu kuyafahamu maumivu kwa kuyatazama katika mwili wa mnyama.

Kiswahili kinaijua mofini kwa mama yake. Afyuni, utomvu wa mpopi, iliitwa pia kasumba katika pwani yetu, na neno hilo ndilo tulilolichukua baadaye kuitia jina akili iliyolewa mafundisho ya mkoloni. Wanafunzi wangu hushangaa wakisikia kwamba „kasumba ya kikoloni” ni tamathali inayotokana na dawa ya kulevya. Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia kijana wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, akifanya kazi katika duka la dawa mjini Paderborn, aliweza kuitenga kutoka katika afyuni ile chembe safi inayoleta usingizi. Aliwajaribia mbwa kwanza. Baadaye, kabla ya kuchapisha taarifa yake kubwa ya mwaka 1817, alijijaribia mwenyewe pamoja na vijana watatu, na kwa kuzidisha kipimo nusura wadhurike vibaya. Dawa akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Hivyo tangu siku yake ya kwanza mofini ilipita katika mwili wa mnyama kabla ya kufika katika mwili wa mtu.

Hata hivyo, mnyama wa maabara kwa muda mrefu alisaidia kupima dawa tu. Hakusaidia kueleza ugonjwa. Mwaka 1941 ulianzishwa mtihani ambao bado unatumika: mwanga wa joto huelekezwa kwenye mkia wa panya, na mtafiti huhesabu sekunde mpaka panya auondoe mkia wake. Panya aliyepewa mofini huchelewa kuuondoa. Ni mtihani mwepesi, na dawa nyingi zilipimwa kwa njia hiyo. Lakini yale ni maumivu ya kufumba na kufumbua, na panya mwenyewe ana uwezo wa kuyakimbia. Shangazi yangu hakuwa na mkia wa kuuondoa kwenye mwanga. Maumivu yake yalikuwa ya miezi, yakikua pamoja na uvimbe, nayo yalikaa ndani ya kile kile kilichombeba.

Walioanza kuyaelewa maumivu ya aina hiyo hawakuwa watu wa maabara. Huko London, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kuwa daktari, aliketi karibu na vitanda vya wanaokufa, akawasikiliza. Aligundua kwamba mofini ya kunywa ikitolewa kwa saa maalumu, bila kumngoja mgonjwa alie, hutuliza bila kumgeuza mgonjwa kuwa mtumwa wa dawa. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's, nyumba ambayo hospisi za sasa hujihesabu kuwa zimezaliwa kwake. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa ngazi tatu: maumivu madogo yapewe dawa za kawaida, yakizidi zipandishwe, na yakiwa makali mgonjwa apewe mofini. Kwa kinywa, kwa saa, kwa ngazi. Mwongozo huo ungeweza kuandikwa kwenye kipande kimoja cha karatasi.

Bado swali lilibaki: kwa nini saratani ya mfupa huuma kiasi kile, na kwa nini mofini, inayotuliza karibu kila kitu, mara nyingi huizidiwa pale mgonjwa anapogeuka kitandani?

Mwaka 1999 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwamo Patrick Mantyh, kilichapisha maelezo ya jaribio ambalo si rahisi kulisimulia. Walimtia panya mdogo ganzi ya mwili mzima, wakapenyeza seli za saratani ndani ya mfupa wake wa paja, kisha wakaliziba tundu kwa madini yale yale ambayo daktari wa meno hujazia jino bovu, ili uvimbe ukue ndani ya mfupa bila kuvuja nje. Wakangoja. Katika wiki ya pili na ya tatu panya akaanza kuulinda mguu. Aliunyanyua asiukanyagie. Alipoguswa mahali ambapo panya mzima haoni kitu akiguswa, alishtuka. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mnyama ambaye maumivu yake yalifanana na ya mgonjwa wa wodini: yalianza kidogo, yakakua pamoja na uvimbe, na yakawa makali zaidi kwa kila mwendo.

Kilichoonekana ndani ya uti wa mgongo wa panya hao kiliwashangaza. Upande ule ule wa mguu mgonjwa, seli zenye umbo la nyota zinazoizunguka mishipa ya fahamu zilikuwa zimevimba mno, ingawa mishipa yenyewe haikuwa imekufa. Mwaka uliofuata kikundi hicho kililinganisha aina tatu za maumivu: ya uvimbe wa kawaida, ya mshipa wa fahamu ulioumia, na ya saratani ya mfupa. Kila moja iliacha alama zake za kikemikali. Maana yake ni kwamba maumivu ya saratani ya mfupa hayakuwa maumivu ya kawaida yaliyoongezwa kiasi. Yalikuwa ya aina yake. Mwaka 2002 wakaonyesha kwamba, ili panya mwenye saratani ya mfupa atulie, alihitaji mofini mara kumi ya ile iliyomtosha panya mwenye uvimbe wa kawaida. Mgonjwa anayeambiwa „tumeshakupa dawa, vumilia” angekuwa na haki ya kumwonyesha daktari wake namba hiyo.

Na sasa lile neno la shangazi. Mfupa wa mtu mzima haukai tu kama jiwe: kuna seli zinazoujenga na seli zinazoubomoa, na hizi za pili hufanya kazi kwa kumwaga asidi juu ya mfupa na kuumung'unya. Saratani ikiingia, huwachochea wabomoaji. Mwaka 2000 watafiti wa Minnesota waliwapa panya protini inayowazuia wabomoaji hao. Mifupa haikuharibika sana, na maumivu yakapungua. Bibi asiyejua kusoma alikuwa amesema kweli ya kitabibu. Mfupa wake ulikuwa ukitafunwa.

Kutokana na mkondo huo wa maarifa ilipatikana dawa ya sindano, kingamwili iitwayo denosumab, ambayo huwazuia wabomoaji hao na ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha mwaka 2010 kwa wagonjwa ambao saratani imefika mifupani. Hilo ni tunda halisi, nasi tusilidharau.

Tunda la pili halikuiva. Historia yake inaanza kwa mwanamke ninayempenda kuwasimulia wanafunzi wangu, Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Turin ambaye sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfukuza kazini. Wakati wa vita alijitengenezea maabara chumbani mwake akichunguza viini vya vifaranga ndani ya mayai. Baada ya vita, akiwa Marekani, alichunguza kile kinachotokea uvimbe wa saratani ya panya unapopandikizwa kwenye kiini cha kifaranga, akaona mishipa ya fahamu ikimea kuuelekea kama mizizi iendeayo maji. Mwaka 1952 aliwabeba panya wenye uvimbe huo katika ndege hadi Rio de Janeiro ili akamilishe uchunguzi. Uvimbe ulikuwa ukitoa kitu kinachoikuza mishipa. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1986, pamoja na Stanley Cohen.

Miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba kitu hicho hicho humchokoza mgonjwa wa saratani kwa kuiamsha na kuimeesha mishipa ya maumivu ndani ya mfupa. Panya waliopewa kingamwili ya kukizuia walipata nafuu kubwa. Dawa iitwayo tanezumab ikatengenezwa kwa ajili ya binadamu. Lakini katika majaribio ya wagonjwa wa viungo, baadhi yao viungo vyao viliharibika haraka kupita kawaida. Mwaka 2010 mamlaka ya Marekani ikasimamisha sehemu kubwa ya majaribio, na mwaka 2021 watengenezaji wakaiacha kabisa. Mengi yaliyomponya panya humwacha mtu alipokuwa.

Sisi wa ukanda wa Ziwa tulilijua jambo hilo mapema, na kwa gharama. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekwisha kupata Tuzo ya Nobel, alipiga kambi katika visiwa vya Sese, upande wa Uganda, akitafuta tiba ya malale. Alikuwa na dawa yenye arseniki iitwayo atoxyl, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeonyesha matumaini kwa wanyama wa maabara. Wagonjwa walipata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi, naye akaongeza kipimo. Baadhi yao wakapofuka. Dawa iliua mshipa wa macho. Kambi ya aina hiyo ilifunguliwa pia Kigarama, huku kwetu Kiziba. Wanaosema kwamba tukiacha kuwatumia wanyama hakuna atakayeumia wasome habari za Sese: hapo mtu mweusi aliwekwa mahali pa mnyama. Na wanaosema kwamba dawa iliyofanikiwa kwa mnyama ni salama, nao waisome habari hiyo hiyo.

Je, ni halali kumtesa panya ili tujue maumivu? Uingereza ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya kusimamia majaribio ya wanyama, mwaka 1876. Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch walipendekeza kanuni tatu ambazo leo hufundishwa kila mahali: mtafute mbadala wa mnyama panapowezekana, wapunguzeni idadi, na wapunguzieni mateso. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini utafiti wa maumivu una ugumu wake wa pekee. Katika tafiti nyingi nyingine mnyama anaweza kupewa dawa ya kutuliza na kazi ikaendelea. Hapa maumivu ndiyo yanayochunguzwa, hivyo ukiyaondoa yote, hakuna jaribio. Kwa sababu hiyo chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilijiwekea miongozo mapema miaka ya 1980: maumivu yawe madogo na mafupi kadiri swali linavyoruhusu.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi wenye lugha tuna maneno mengi: kichwa huwanga, jipu hupwita, mbavu hushikwa na kichomi, kidonda kikiingia chumvi huchonyota. Panya hana hata moja. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kwamba uso wake husema: akiumwa hufinya macho, hubadili mkao wa masikio na ndevu, na pua na mashavu yake huvimba. Na mwaka 2020 chama kile kile cha kimataifa kilipoandika upya maana ya maumivu, kiliongeza maelezo kwamba kutoweza kusema hakumaanishi kutoumwa, kwa mtu na kwa mnyama pia. Mimi binafsi nimefika hapa: nakubali jaribio la Minnesota lilifanywa kwa haki, kwa sababu lilijibu swali ambalo wodi haikuweza kulijibu. Jaribio linalorudia jibu lililokwisha kupatikana, ili mtu aongeze makala moja kwenye orodha yake, silikubali.

Kuna jambo linalonisumbua zaidi ya panya, nalo ndilo linaloturudisha Kampala. Maarifa yale yote yalipokuwa yakikusanywa, mofini ilikuwa imekwisha kujulikana kwa karibu miaka mia mbili, na mwongozo wa ngazi tatu ulikuwa umekwisha kuchapishwa. Ni dawa ya bei ndogo, na hati yake ya umiliki haimo mikononi mwa kampuni yoyote. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliripoti mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hiyo zinazogawanywa duniani kila mwaka, zikihesabiwa kwa kipimo cha mofini, ni tani 0.1 tu inayofika katika nchi za kipato cha chini. Panya wa Minnesota aliyekuwa katika kundi la kupewa dawa alipata mofini ambayo shangazi yangu aliikosa upande wetu wa Mutukula.

Uganda haikuwa tajiri kuliko sisi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Nigeria, Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Kabla ya kuanza, aliitaka serikali ikubali unga wa mofini uingizwe nchini. Ikakubali. Unga ule huchanganywa na maji, hutiwa kihifadhi na rangi: kijani kwa mofini hafifu, waridi kwa ile kali zaidi, ili hata jirani asiyejua kusoma asikosee chupa. Wagonjwa wengi waliuguzwa nyumbani.

Dawa ikapatikana, lakini nani ataiandika? Katika wilaya nyingi daktari alikuwa mmoja, au hakuwapo kabisa. Hapo ndipo ilipo kazi ya somo letu la uraia. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ilibadili kanuni zake, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuandika mofini wenyewe. Hofu ilikuwapo, tena ya haki: afyuni ni afyuni, na serikali yoyote ina wajibu wa kuzuia isiuzwe vichochoroni. Waganda waliijibu hofu hiyo kwa masomo maalumu, kwa madaftari ya hesabu na kwa makabati yenye kufuli, badala ya kuijibu kwa kumnyima mgonjwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 hospisi ile ndiyo inayotengeneza mofini ya maji kwa ajili ya nchi nzima kwa makubaliano na serikali, na mgonjwa haitozwi.

Mstari huo mmoja wa kanuni ndio uliomleta yule muuguzi Mnyankole sebuleni kwa binamu yangu, miaka miwili tu baada ya kuandikwa.

Hakuwa na mashine ya kupimia. Katika hospisi za kwetu Afrika hutumika mkono: ngumi iliyofungwa ni kutoumwa kabisa, vidole vitano ni maumivu yasiyo na kifani. Siku ile ya kwanza shangazi alivinyoosha vitano vyote, kisha akainua na mkono wa pili, kwa sababu mmoja haukumtosha. Dawa ilimpa usingizi mwingi siku mbili za mwanzo, na tumbo likafunga, kama muuguzi alivyokuwa ametutahadharisha. Akapewa dawa ya kulainisha. Juma la pili kipimo kiliongezwa mara mbili. Akigeuzwa kitandani bado alikunja uso, lakini hakulia tena.

Nilifika Kampala kumwona katika juma la tatu. Alikuwa ameketi, ameegemea mito, anachambua maharage kwenye ungo na kumkaripia mjukuu kwa kuacha mlango wazi. Nilimuuliza mfupa unasemaje. Aliweka ungo pembeni, akanyoosha vidole viwili, akavitazama, akakunja kimoja nusu.